Eti Mnagomea Maharagwe?

Kila wanafunzi wa chuo wakigoma kwa sababu ya chakula au vyumba, hakosi mzee mmoja redioni wa kusema: "Sisi tulienda chuo kusoma, nyinyi mwaenda kupigania tumbo. Eti mnagomea maharagwe!" Na vijana wetu, haswa wa huku Pwani na kule Kaskazini Mashariki tuliolelewa tusimjibu mkubwa, huinamisha vichwa. Wanaona haya, kana kwamba kudai sahani ya wali ni utovu wa adabu.

Usione haya, ndugu yangu. Huyo mzee ama amesahau, ama anakufanya mjinga. Hebu twende Makerere kidogo, maanake huko ndiko walikosomea wakubwa wake wakati Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wavulana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kufikia 1949 kilikuwa chuo kikuu kishiriki, kikitoa digrii za Chuo Kikuu cha London. Mkoloni akakipanga kama vyuo vya kwao: kila bweni na bwalo lake la chakula na msimamizi wake. Na majina je? Bweni moja Livingstone, jingine Northcote, jingine Mitchell. Huyu Mitchell ni Sir Philip Mitchell, aliyekuwa gavana wa Uganda kisha akaja kuwa gavana wetu hapa Kenya, 1944 hadi 1952. Kijana wa Kikenya akitoka nyumbani ambako gavana ndiye mwenye amri juu ya ardhi ya babake, anafika Kampala analala chini ya jina la gavana yuleyule.

Wanawake hawakuwemo kabisa. Wito wa chuo, nakuapia, ulikuwa "Tuwe wanaume." Wasichana sita wa kwanza walipoingia mwaka 1945 ilibidi ubadilishwe. Ona basi: swali la nani alale wapi lilibadilisha hata maneno ya kwenye nembo. Na hiyo ardhi yenyewe iliyotakiwa kukipanua chuo ilimwaga damu. Martin Luther Nsibirwa, Katikiro wa Buganda aliyepitisha itolewe, alipigwa risasi Septemba 1945 pale kanisani Namirembe. Miaka mingi baadaye bweni la Northcote likavuliwa jina la gavana likapewa lake.

Sasa tuingie bwaloni. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula kibovu. Ndiyo, chakula! Aliyeongoza mgomo ule alikuwa kijana wa Kiislamu, Abubakar Mayanja, Abu Mayanja kama walivyomzoea. Na mwaka huohuo, pamoja na Ignatius Musazi, alikuwa ameanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha kitaifa cha kudai uhuru Uganda, yeye akiwa katibu mkuu wake. Chuo kikamfukuza. Bila shaka na yeye aliambiwa anapigania tumbo. Lakini gavana wa wakati huo, Andrew Cohen, hakuwa mjinga: alimsaidia akaenda zake Cambridge kusoma. Mtu hahangaiki hivyo na kijana anayelalamikia mchuzi tu. Cohen alijua kwamba anayeweza kuwaambia mamia ya wenzake waweke vijiko chini, kesho atawaambia waweke chini kitu kingine. Mayanja akarudi, akawa waziri, akafungwa na Obote mwaka 1968 kwa aliyoyaandika kuhusu katiba kwenye jarida la Transition, na mwishowe akawa Mwanasheria Mkuu. Yote hayo, na mapema kabisa kwenye safari yake kulikuwa na sahani ya chakula.

Kuna hadithi nyingine ya Makerere sitaki uipite haraka, kwa sababu inatuhusu Wakenya na inatuhusu Waislamu. Mwaka 1976, wakati wa Idi Amin, mwanafunzi Mkenya aitwaye Esther Chesire alichukuliwa uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kurudi nyumbani. Hakuonekana tena. Alikuwa akiishi Africa Hall, bweni la wanawake. Msimamizi wa bweni hilo, Theresa Nanziri Bukenya, alitakiwa atoe ushahidi kuhusu kupotea kwake. Juni mwaka huo mama huyo, akiwa mja mzito, alitekwa akauawa. Agosti wanajeshi wakavamia chuo, wakawaburuta wanafunzi kutoka vyumbani na kuwapiga. Na tafadhali usiniambie Amin alikuwa ndugu yetu. Aliyeivunja haki ni mvunja haki hata akiswali safu ya mbele. Mwenye haki ya kukumbukwa hapa ni yule mama Mkristo aliyeulizwa alipo msichana wa watu, msichana aliyewekwa chini ya ulinzi wake, akafa nalo swali hilo.

Ndiyo maana nasema bweni si jengo tu. Ni mahali unapolala ukiwa huna silaha, umevua viatu, umezima taa. Anayekulaza amebeba amana. Garissa, 2 Aprili 2015, wauaji waliingia alfajiri wakawakuta wanafunzi mabwenini. Watu 148 waliuawa, wengi wao vijana waliokuwa wamelala au wanasali. Waliua wakitumia jina la dini yetu, na hilo hatutalikwepa kulisema. Lakini na hili pia tuliseme: kikosi cha Recce kilitoka Nairobi mchana, na shambulio likaja kumalizwa jioni. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2016, polisi wenyewe ndio walioingia mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na video zikasambaa za wanafunzi wakilazwa chini na kupigwa rungu. Kwa hiyo serikali njia ya bwenini yaijua. Inategemea imekuja kufanya nini.

Turudi kwenye chakula. Wazee wetu waliosoma Nairobi miaka ya 1960 na 1970 hawakupika. Waliingia mesi, wakapakuliwa, wakashiba. Vyumba walipewa. Juu ya hayo walikuwa na bumu, pesa za matumizi, ambazo wengi walikuwa wakituma nyumbani kuwasomeshea wadogo zao. Kisha ikaja miaka ya mwisho ya 1980, Benki ya Dunia ikazishika serikali zetu shingo: punguzeni matumizi, wanafunzi nao wachangie. Makerere wakakatiwa posho. Wakagoma, na Desemba 1990 polisi wakawapiga risasi wawili wakafa. Huku Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mfumo wa lipa ndipo ule. Karo ikaja, bumu ikaenda, na vyuo vikafungwa mara kwa mara kwa sababu ya vurugu. Halafu vyuo vikafungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia. Idadi ikapanda mara nyingi zaidi ya vitanda, na wenye ploti pembeni mwa vyuo wakaanza kujenga ghorofa. Kampala ni Wandegeya na Kikoni, kwetu waijua mwenyewe mitaa yako.

Walioufunga mlango wa mesi ni walewale walioshiba ndani yake. Leo wanakuita mlafi.

Na gharama haikuangukia wote sawa. Mtoto wa Nairobi akikosa chumba analala kwao. Wewe uliyetoka Mandera, Lamu au Lunga Lunga utalala wapi? Utatafuta keja ya kugawana wanne, au utaingia chumba cha rafiki uwe pairati, ukijificha kila msimamizi akipita. Dada yetu ndiye anayeumia zaidi. Wazazi wengi hawamruhusu bintiye akapange chumba mtaani peke yake, kwa hiyo barua ya "hosteli zimejaa" kwake mara nyingine ni sawa na barua ya kukosa chuo. Hakuna takwimu ya msichana aliyebaki nyumbani kwa sababu ya kitanda. Lakini wewe wamjua. Ni binamu yako.

Mimi mwenyewe, chuo nilichosoma sitakitaja, mesi ilikuwa inafungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa moja asubuhi, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Daku tulipika kwa koili chini ya meza, taulo limezibwa mlangoni harufu isitoke. Nilishikwa siku ya kumi na moja. Koili ikachukuliwa, nikapigwa faini, nikafunga siku ile kwa maji na tende mbili. Hatukulalamika. Tulijiona wageni, na mgeni hasemi chakula kibaya.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka uupone wewe. Wewe si mgeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja kwa majina: makazi ya kutosha, kutokuwa na njaa, elimu. Kifungu cha 32 kinasema usinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya dini yako. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha.

Najua wapo kati yetu watakaosema: tujenge hosteli zetu za Kiislamu tuachane nao. Wakijenga, Mungu awalipe, wengi watasitirika. Ila sadaka ya tajiri haifuti deni la serikali. Na kuna jingine: mle bwenini yumo Wanjiku na Otieno wanaolala na njaa mwezi mzima bila kuwa na Ramadhani. Tukidai daku peke yetu tutapewa daku na wao wataachwa. Mayanja hakugoma na Waislamu peke yao.

Anza na barua. Kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza, na chuo cha umma kina siku 21 za kukujibu. Uliza: vitanda ni vingapi, wanafunzi ni wangapi, vyumba vinagawanywa kwa kanuni gani, wangapi kati ya waliopewa wanatoka kaunti za mbali, mesi inafungwa saa ngapi na ni nani aliyeamua. Saini wewe, saini komredi wa chumba cha pili, mpelekee naye Otieno asaini. Wakinyamaza, lipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala. Majibu yakija, tutumieni hapa.