Daudi Hakuucheza Hava Nagila

Jirani alinialika kanisani kwake, hapa Kampala, kwenye ibada ya shukrani. Mchungaji akapanda madhabahuni na kututangazia kwamba Hava Nagila ndio wimbo alioucheza Mfalme Daudi mbele ya Sanduku la Agano, na kwamba anayeucheza kwa imani anafunguliwa baraka za Abrahamu. Mpiga kinanda akabonyeza mdundo wa mashine, akina mama wakavua viatu vya visigino, vikapu vya bahasha vikaanza kuzunguka.

Uongo mtupu. Daudi aliishi karibu miaka elfu tatu iliyopita. Wimbo huu ni wa 1918. Lahani yake ni ya Wayahudi wa Sadigura, katika Ukraine ya leo, walioiimba bila maneno. Mtafiti wa muziki Abraham Zvi Idelsohn aliiandika 1915 mjini Yerusalemu, kisha 1918 akaitilia maneno kwa ajili ya tamasha la kusherehekea ushindi wa Waingereza dhidi ya Waturuki. Yaani tunamrukia Jenerali Allenby, kamanda wa Waingereza hao, pale madhabahuni! Na aliyeusambaza duniani ni mwimbaji Harry Belafonte, aliyeuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1959. Mzaliwa wa Harlem huyo, si wa Bethlehemu.

Nilipomwambia hayo shemasi mmoja, akanijibu kwa upole wa kumhurumia mpotevu: "Lakini ndugu yangu, si ni Kiebrania? Hiyo ni lugha ya mbinguni." Kwa hoja hiyo, hata kibao cha kituo cha basi cha Tel Aviv tukipigie magoti.

1918! Narudia kwa sababu mwaka uliofuata, 1919, Semei Kakungulu, yule jemadari aliyewatwalia Waingereza nchi za mashariki ya Uganda kisha akakosana nao, alitahiriwa pamoja na wanawe na kutangaza Uyahudi huko Mbale. Wafuasi wake, Abayudaya, ni rika moja na Hava Nagila. Ila wao imani yao wameilipia: Idi Amin aliipiga marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia dini nyingine, wachache wakasali kwa siri mpaka alipoanguka 1979. Huko Nabugoye, karibu na Mbale, Zaburi za Daudi, zile zenye jina lake kweli, zinaimbwa kwa Kiganda na kwa mahadhi ya kwetu. Kampuni ya muziki ya Marekani, Smithsonian Folkways, ilitoa albamu ya nyimbo zao 2003, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Rabi wao, Gershom Sizomu, amewahi hata kuwa mbunge. Wewe umeusikia wimbo wao mmoja kanisani, au hata kwenye harusi, hapa Kampala?

Hutausikia. Kamati ya harusi, ile inayokuandama kwa simu miezi mitatu ikidai ahadi yako, ina pesa ya keki ya ghorofa saba na ya moshi wa bandia, haina ya kuwalipa waimbaji wa Mbale. Kwetu kitu hakina baraka mpaka kishuke uwanja wa ndege wa Entebbe: mafuta ya upako, maji ya Yordani kwenye chupa, sasa na wimbo.

Mchungaji, unawachangisha waumini dola za kwenda Yerusalemu. Mbale haifiki kilomita 250, na nauli yake ni shilingi. Wapeleke Ijumaa moja, Sabato ikiingia, wakazisikilize Zaburi.