Samaki Wakielea Juu, Chunguza Kwanza

Ndugu mfugaji wa samaki,

Mwaka jana niliitwa alfajiri kwa mzee mmoja mwenye bwawa la perege. Nilikuta watu wamejaa. Perege walikuwa juu ya maji, vinywa wazi. Wengine walikwisha kufa. Watu walisema, "Bwawa limetiwa utupa." Jina la jirani lilikwisha kutajwa. Vijana wawili walikuwa na fimbo mkononi.

Niliwaomba wasubiri. Nikauliza maswali matatu.

1. Samaki walianza kupanda juu lini? Mzee alijibu, "Usiku huu. Jana jioni walikula vizuri."

2. Waliokufa ni wakubwa au wadogo? Tukatazama. Walikuwa wakubwa tu.

3. Umetia nini bwawani? Mzee akasema, "Juzi nilitia samadi nyingi, ili wakue upesi."

Hapo nikajua. Hapakuwa na sumu. Samaki walikosa hewa.

Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Mchana, vimea vidogo vya kijani vilivyomo majini huongeza hewa hiyo kwa nguvu ya jua. Usiku vimea hivyo haviongezi hewa, bali huitumia. Samadi inayooza nayo huitumia. Kwa hiyo hewa hupungua sana alfajiri, na samaki wakubwa hutangulia kufa. Utupa hauchagui saa. Huua hata samaki wadogo na wadudu wa majini.

Tulifungua mfereji, maji mapya yakaingia kwa kuanguka kutoka juu. Vijana waliweka fimbo chini, wakashika ndoo. Walichota maji ya bwawa na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Jirani aliyetajwa alikuja na ndoo yake. Jua lilipopanda, samaki waliobaki walishuka chini.

Nawe ukiona hivyo, fanya hivyo hivyo. Acha kutia samadi. Acha kulisha mpaka samaki wapate nafuu. Ondoa majani yanayooza.

Lakini si kila samaki anayeelea amekosa hewa. Ukiona mmoja anaelea ubavu hata mchana, na wenzake ni wazima, shida imo mwilini mwake. Ndani ya perege mna mfuko wa hewa, chini ya uti wa mgongo. Mfuko huo humsaidia asizame wala asielee. Ukiharibika, au tumbo likivimba kwa ugonjwa, samaki hupinduka. Mtoe kwa wavu, umtenge.

Ukiona wengi wanazunguka-zunguka, macho yametokeza na matumbo yamevimba, huenda ni ugonjwa wa kuambukiza. Usitie dawa ya watu wala ya ng'ombe. Usile samaki aliyekutwa amekufa. Wafukie mbali na bwawa. Osha wavu, uuanike juani. Mwite haraka mtaalamu wa samaki.

Mwenye kambare asishtuke akimwona anapanda juu mara moja moja, kisha anashuka. Kambare huweza kuvuta hewa ya juu. Hiyo ndiyo desturi yake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Pima maji kwa mkono wako. Nyosha mkono, uuzamishe polepole mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na maji ni ya kijani, usitie samadi. Kama bado unakiona wazi, unaweza kuongeza kidogo. Lisha chakula kinachokwisha kwa muda wa dakika 15 hivi. Kinachobaki huoza, na hula hewa ya samaki wako.

Yule mzee alipoteza samaki, lakini hakupoteza jirani. Basi bwawa lako likipata shida, uliza yale maswali matatu kabla ya kumtaja mtu.

Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzako. Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu