Mapatano na Mhudumu wa Mzee Nyumbani



Katika milima ya Upare, tangu Ugweno na Usangi mpaka Chome, Mamba na Gonja, nyumba nyingi zimebakia na wazee peke yao. Watoto wao wameteremka kutafuta riziki Same na Moshi, na wengine Tanga na Dar es Salaam. Mama akipatwa na kiharusi au akivunjika nyonga, hutafutwa msichana wa kukaa naye. Hutafutwa kwa simu, jioni moja, na akiuliza ujira huambiwa: "Njoo tu, tutaelewana." Hayo si mapatano.

Tukitazame kisa cha Nabii Musa, alayhi-s-salaam, katika Suratul Qasas, aya ya 26 na ya 27. Binti alimshauri baba yake amwajiri Musa, akazitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Na baba, kabla kazi haijaanza, akaeleza malipo, ndiyo kuozwa binti, akaeleza na muda: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake mwenyewe. Musa hakwenda machungani ila baada ya kujua atatumika mpaka lini na atapata nini.

Basi nguvu za mwenye kumhudumia mgonjwa ni ujuzi. Mzee asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ama sivyo ngozi ya kiunoni, nyongani na visiginoni hubadilika rangi, kisha hufunguka kidonda, na kidonda hicho chaweza kumwua. Alishwe ameketishwa, kwa matonge madogo, asije akapaliwa. Maji yakiwa yamdhuru, mhudumu ajue kumsaidia kutayamamu. Na mwanamke ahudumiwe na mwanamke. Hakuna msichana aliyezaliwa na elimu hii. Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, mwombeni mwuguzi amfundishe mhudumu mbele yenu, naye ayafanye kwa mikono yake hali akitazamwa. Siku hizo nazo ni siku za kazi, zilipwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mwajiriwa apewe kwa maandishi kazi yake, mahali pake, siku ya kuanza, saa zake na ujira wake. Na asipoyafahamu maandishi, aelezwe kwa namna atakayoifahamu. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na kila wiki ana saa 24 za kupumzika mfululizo. Sasa fanyeni hesabu, enyi mnaotuma fedha kutoka mjini mkidhani mmekwisha kutimiza wajibu: wiki ina saa 168. Nani atamgeuza mama usiku? Ama ndugu wagawane zamu, ama waajiriwe wawili.

Wako wanaokasirika wakitajiwa karatasi. Husema, "Huyu ni mtoto wa ndugu yetu, tutamwandikiaje?" Walakini Suratul Baqara, aya ya 282, yaamrisha deni la muda liandikwe, wala haikuwatoa jamaa, na ujira ungojao mwisho wa mwezi ni deni. Tena mtoto wa ndugu ndiye aliye dhaifu zaidi, kwani mgeni atadai haki yake, naye huona haya kumdai shangazi. Ziandikwe nakala mbili, moja akae nayo mzazi wake. Na fedha zitiwe mkononi mwake mwenyewe, si mkononi mwa mjomba aliyemleta.

Liko jambo ambalo watu huogopa kulitaja, nalo ni mauti ya mzee. Litajwe. Mwenye kulipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, sheria yampa taarifa isiyopungua siku 28 kabla ya kuachishwa, au malipo badala yake. Asirudishwe kwao na nauli tu, asubuhi ya baada ya khitma.