Tuandike Seva Yetu Wenyewe

Yako maneno yapitayo siku hizi katika chumba cha kompyuta, na baadhi ya ndugu zetu waliokwisha maliza shule wameyatilia nguvu kwa barua zao. Wasema kwamba Chama cha Kompyuta kinapoteza Jumamosi zake kwa kuandika programu ya seva kwa lugha ya C, ilhali seva zilizo tayari zapatikana bure, tena zilizo bora mara mia kuliko yetu. Mmoja ameandika kwamba kazi hiyo ni sawa na kufua chuma ili upate sindano, na sindano zimejaa dukani. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze sababu zangu.

Kwanza tufahamiane juu ya neno lenyewe, maana wako wengi walitajao bila kujua ni kitu gani. Seva si dude la ajabu lililofungiwa katika nyumba yenye baridi huko Ulaya. Ni programu iketiyo mahali ikingoja. Mfano wake ni karani wa posta nyuma ya dirisha lake: hamwendei mtu, wala hasemi mpaka asemeshwe. Mtu akija akataka barua za sanduku fulani, karani huinuka akatazama. Akizikuta humpa, asipozikuta humwambia hazipo. Kisha humwita aliye nyuma. Kivinjari cha kompyuta yako ndicho mtu ajaye dirishani, na ukurasa utakao kuusoma ndio barua.

Lugha ya C nayo si ngeni kwa kazi hii. Dennis Ritchie aliitunga katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mfumo wa Unix ukaandikwa upya kwayo. Tim Berners-Lee alipoanzisha mtandao wa kurasa pale CERN, karibu na mji wa Geneva, seva yake ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi mwishoni mwa mwaka 1990, nayo iliandikwa kwa C. Apache, iliyotoka mwaka 1995, ni C. Nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliwatolea watu mwaka 2004, ni C vilevile. Basi mtu akituambia kwamba hii ni lugha ya wazee, na tumwulize kurasa alizozisoma asubuhi ya leo zililetwa na nani.

Sasa tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Programu huuomba mfumo wa kompyuta soketi, yaani tundu la kusikilizia na kusemea (si ile ya ukutani ya umeme, ingawa jina ni moja, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza hucheka sana walisikiapo). Kisha huifungia soketi hiyo namba ya mlango. Milango iliyo chini ya 1024 kwa desturi huwa ni ya mkuu wa mashine peke yake, basi sisi twatumia 8080. Kisha hutega sikio, humkaribisha ajaye, humsoma, humwandikia, na kumfungia mlango. Amri zake ni saba tu: socket, bind, listen, accept, read, write na close. Nyingi katika hizo zilienea tangu mwaka 1983, pale Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilipotoa Unix yao ya 4.2, nazo hazijabadilika hata leo.

Na mgeni akishakaribishwa husema nini? Husema mstari kama huu: GET /kidato3/fizikia.html HTTP/1.1. Hufuata mistari michache ya kujieleza, kisha mstari mtupu, ndiyo alama ya kwamba amemaliza. Nasi twamjibu vivyo hivyo: mstari wenye namba 200 ikiwa faili ipo, au 404 ikiwa haipo, kisha twamweleza faili ni ya namna gani na ina baiti ngapi, mstari mtupu, halafu faili yenyewe. Haya yote ni maandishi ya kawaida ambayo mtu aweza kuyasoma kwa macho yake. Hapo mwanzo ilikuwa rahisi zaidi: mgeni alisema GET na jina la ukurasa, basi, na seva ikampa ukurasa ikakata.

Wakubwa wetu watasema, ikiwa ni rahisi hivyo, mwafundishwa nini? Hapa ndipo penye mali, na nataka nikae kidogo.

Chukua jambo la namba ya mlango. Mwanafunzi huandika 8080, programu yakubali bila kunung'unika, naye akienda kwenye kivinjari hapati kitu. Seva ipo, yangoja, lakini yangoja kwenye mlango 36895! Kwa nini? Kwa sababu namba 8080 hukaa katika baiti mbili, na kompyuta zetu nyingi huandika baiti ndogo kwanza, lakini mtandao wataka kubwa kwanza. Asiyezigeuza kwa amri ya htons amepeleka namba kichwa chini miguu juu. Mwalimu wetu wa hesabu aweza kusimama ubaoni mwezi mzima akifundisha namba za kumi na sita, na wavulana wakasinzia. Lakini mwache mvulana atafute seva yake iliyopotea mchana mmoja, na hatazisahau mpaka awe babu.

Au chukua jambo la kusoma. Sote twadhani kwamba mgeni akituma mstari, nasi tukasoma mara moja, tutaupata mstari mzima. Sivyo. Amri ya read hukupa kile kilichokwisha fika, basi. Huenda ukapata GET /kid, na iliyobaki bado iko njiani. Ndani ya chumba kimoja, waya ukiwa mfupi, kila kitu huja pamoja nawe wajiona fundi. Siku mtu akiunganisha kutoka bweni la mbali kwa hewa, programu inaanza kujibu 404 kwa faili zilizopo. Dawa yake ni kusoma tena na tena, ukikusanya, mpaka uuone ule mstari mtupu. Kadhalika kuandika: write yaweza kukubali nusu ya ulichompa, na ni juu yako kuhesabu na kupeleka nusu ya pili. Hata kufa kwake kuna elimu. Mgeni akiondoka katikati ya jibu nawe ukaendelea kumwandikia, mfumo huiua programu yako papo hapo, isipokuwa uliuambia mapema usifanye hivyo. Mtu mmoja tu aliyefunga kivinjari chake amewanyima chakula wote waliobaki katika foleni.

Na habari ya foleni nayo ni ndefu. Karani mmoja mwenye dirisha moja akimpata mgeni asemaye neno moja kila dakika, watu wote nyuma yake watalala pale. Je, tumwajirie kila mgeni karani wake, au karani mmoja awe na wepesi wa kumwacha anayesitasita na kumhudumia aliye tayari? Apache ya kwanza ilikwenda kwa njia ya makarani wengi, nginx ikaenda kwa njia ya karani mwepesi, na mabishano hayo hayakwisha. Mwanafunzi aliyeandika seva yake akasimama mbele ya swali hili atasoma habari za wakubwa hao kama mtu asomaye habari za kijiji chake.

Nisiwafiche kwamba wapinzani wetu wanayo hoja moja nzito, nayo ni ya hatari. Lugha ya C haikulindi. Ukitenga nafasi ya herufi 512, na mgeni akaleta zaidi, C haitamzuia. Zitamwagika juu ya vitu vya jirani katika kumbukumbu ya mashine. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachia programu iliyojieneza yenyewe katika mtandao wa Marekani, na moja ya njia zake ilikuwa hiyo hiyo: programu moja ya Unix ilisoma maneno ya mgeni kwa amri iitwayo gets, isiyouliza kamwe nafasi ina ukubwa gani. Amri hiyo iliondolewa katika kanuni za lugha mwaka 2011. Wala wajuzi hawakupona. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba OpenSSL, programu iliyolinda siri za tovuti nyingi duniani, ilikuwa ikimwamini mgeni aliyesema, "Nirudishie maneno yangu, ni elfu nyingi," hali ameleta machache. Nayo ikamjazia hesabu kwa siri za watu wengine zilizokuwa karibu. Februari 2024 ofisi ya Ikulu ya Marekani ishughulikayo na usalama wa mitandao iliwahimiza watengenezaji waziache lugha za namna hii pale inapowezekana.

Haya yote ni kweli, nami siyapingi hata kidogo. Lakini nauliza: ni nani atakayeelewa onyo hilo? Ni yule aliyekwisha ona kwa macho yake seva ikianguka kwa sababu ya jina la faili lililozidi urefu, au ni yule aliyeambiwa tu kwamba C ni mbaya? Katika Chama twao mchezo wa Jumamosi: mmoja aandika, wenzake wajaribu kumwangusha. Wa kwanza kujaribiwa huwa ni ombi lenye nukta mbili mbili, GET /../../, ambalo laiomba seva ipande ngazi itoke nje ya kabati lake na kwenda kusoma yasiyoihusu. Mara ya kwanza likifaulu, kelele zake hufika hadi jikoni.

Hoja ya pili, ya kwamba vilivyo tayari ni bora, naiona nyepesi zaidi, ingawa ndiyo ipendwayo. Iko shule moja niijuayo, sitaitaja, iliyopewa seva kamili na wafadhili, yenye vitabu na maswali ya mitihani ndani yake. Ilifanya kazi mihula miwili. Muhula wa tatu ikanyamaza. Aliyeileta alikuwa amekwisha rudi kwao, neno la siri alikuwa nalo yeye, na hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyejua hata mahali pa kuanzia kutazama. Mpaka leo imefunikwa kitambaa katika ofisi ya bohari. Sindano ya dukani ni nzuri, lakini ile ilikatika, na shule nzima haikuwa na mtu ajuaye sindano ni nini.

Tena si kweli kwamba vitu vidogo havifai kazi za kweli. Tovuti ya SQLite, programu ya kuhifadhia kumbukumbu iliyomo karibu katika kila simu ya kisasa, imehudumiwa tangu mwaka 2004 na seva ndogo iitwayo althttpd, iliyoandikwa kwa C katika faili moja na mtu yuleyule aliyeanzisha SQLite, D. Richard Hipp. Haikushindwa kwa sababu ya udogo wake.

Basi natoa shauri langu wazi, ili wazee wa kamati walijadili. Sisemi seva yetu iwekwe kwenye intaneti. Mtu atakayesema hivyo nitakuwa wa kwanza kumpinga. Sisemi itunze alama za mitihani wala karo. Mambo hayo yana wenyewe, nao watumie programu zilizokwisha pimwa na wengi. Nasema hivi: zile kompyuta kuukuu mbili zilizoko bohari, ambazo zimeambiwa kwamba hazifai kitu, moja ipewe seva yetu. Iunganishwe kwa waya na chumba cha kompyuta peke yake. Ijue neno GET tu, na lolote jingine ilikatae. Ndani yake ziwekwe nukuu za walimu na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Kila mstari wa programu usomwe na wanachama wawili kabla ya kukubaliwa, na nakala yake ipigwe chapa na kutiwa katika jalada la maktaba, ili watakaotufuata waikute.

Faida yake yaonekana. Kila muhula fedha za intaneti humalizika kabla ya wiki za mitihani, na tangu hapo chumba cha kompyuta huwa ni chumba cha vumbi. Mwenye fedha hutoa nakala za nukuu mjini. Asiye nazo huazima usiku, akiazimwa. Ukurasa wa maandishi matupu ni baiti elfu chache, na mashine ile ya bohari, kwa uzee wake wote, yaweza kuwapa wavulana arobaini kwa pamoja bila senti moja ya intaneti. Twahitaji swichi moja yenye matundu ya kutosha, na waya wa kufika meza za nyuma. Hizo ndizo fedha tuziombazo kwa wenzetu wa zamani mwaka huu, wala si zaidi. Programu tutaiandika wenyewe, na yeyote kati yao apendaye kuja Jumamosi moja kujaribu kuiangusha, saa nane mlango uko wazi.