Boksi la elfu themanini, kompyuta ya laki tatu

Shemeji yangu wa Uyole, hapa Mbeya, kauza viazi, kapata vijisenti, na sasa anataka YouTube kwenye TV ya sebuleni. TV yenyewe ni ya inchi 32, si smati, ila tundu la HDMI inalo na picha yake haijachuja. Vijana wa maduka ya Mwanjelwa wamemwonyesha njia mbili: boksi la Android la elfu themanini, au mini PC iliyotumika, laki tatu na ushee, ambayo muuzaji anaapa imetoka Ulaya. Akanipigia simu. "Shemeji, nichukue ipi?" Nikamwambia asitoe hela, nakuja.

Kasha la boksi limeandikwa MXQ Pro 4K 5G, na pembeni RAM 8, memori 128. Tuanze na hiyo 5G. Haina undugu na minara ya simu. Wanamaanisha waifai ya gigahezi 5. 4K nayo, kwa TV ya shemeji, ni ya kusoma kwenye kasha tu, maana TV nyingi za inchi 32 za zamani zina mistari 768 ya picha. Nikamwomba kijana wa dukani achomeke tuone setingi. Kweli inasomeka 8, inasomeka 128. Lakini namba za kwenye setingi huandikwa na aliyepika programu, na aliyepika programu ndiye huyo huyo anayetaka boksi linunuliwe. Kipimo ni flashi yenye filamu nzito: anza kuzinakili ndani ya boksi. Likilia limejaa kabla ya gigabaiti ya nane, hiyo 128 ilikuwa ya mapambo.

Kijana alicheka. "Mzee, kwa bei hiyo ulitaka nini tena?" Sikuwa na jibu la kumpinga.

*

Memori ya uongo ningeivumilia. Kinachonitisha ni kile ambacho boksi hufanya wakati mmelala. Januari 2023 mtaalamu wa mifumo wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza jinsi boksi aina ya T95 alilolinunua kupitia Amazon lilivyokuja na virusi vikiwa ndani ya programu ya kiwandani. Septemba 2024 kampuni ya Urusi ya Doctor Web ikatangaza virusi walivyoviita Vo1d, vilivyokuwa kwenye maboksi ya TV yapatayo milioni 1.3, katika nchi karibu 200. Desemba mwaka huo mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ikakata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vilivyouzwa vikiwa tayari vimeambukizwa. Juni 2025 FBI ya Marekani nayo ikaonya watu wake.

Virusi hivi havikuonyeshi fuvu la kichwa kwenye skrini. Vinabonyeza matangazo kimya kimya ili mtu alipwe, au vinaigeuza intaneti yako kuwa uchochoro wa mtu usiyemjua kupitishia mambo yake, yakaonekana yametoka sebuleni kwako. Mzungu mwenye intaneti isiyo na kikomo anaweza kukaa mwaka mzima asihisi kitu. Hapa kwetu boksi linakunywa kwenye hotspoti ya simu, bando la gigabaiti za kuhesabu, na mama mwenye nyumba anamshuku mtoto kwamba kaangalia katuni usiku. Kulirudisha boksi kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu kiwandani ndiko uchafu ulikoanzia.

Si kila boksi ni chafu. Yapo yaliyothibitishwa na Google, ya Xiaomi kwa mfano, yanauzwa ghali kidogo na yana rimoti ya kueleweka. Kabla ya kulipa, ingia Play Store, fungua setingi zake, tafuta sehemu inayosema kama kifaa kimethibitishwa. Na boksi likikutaka uzime ulinzi wa Play Protect ili upate filamu za bure, lirudishe kwenye kasha na uage kwa adabu.

*

Mini PC zilikuwa zimepangwa rafu ya chini, nyeusi, kila moja na unene wa kamusi: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Moja bado ilikuwa na stika ya namba ya mali ya ofisi, lugha nikaikisia Kidachi. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya makarani. Kampuni za huko huziondoa baada ya miaka michache, zikapita Dubai, zikashuka Kariakoo, kisha zikapanda basi kuja huku. Kwa mtumba, ni mtumba wa heshima.

Ila soma jina la prosesa. Ukiona i5-6500T au i5-7500T, hiyo 6 au 7 baada ya kistari ndiyo kizazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa kanuni zake yenyewe, kwa prosesa za Intel inapokea kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana za kizazi cha sita zimemwagika sokoni kwa bei ya kushawishi. Anayeweza kuweka Linux azichukue tu, zina miaka mingi mbele yao. Vijana wa chuo cha MUST pale juu wanalifanya hilo huku wanakunywa chai. Asiyeweza, na hana wa kumwekea, aongeze hela apate kizazi cha nane.

Kingine ni chaja. Hakikisha ni ya mashine hiyo, si ya kuokoteza yenye volti zinazokaribiana. Kisha ingia BIOS, uiagize kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, la sivyo kila TANESCO wakikata utainama nyuma ya TV kutafuta kitufe.

Shemeji kachukua mini PC ya kizazi cha nane, na sikumshawishi sana. Ana binti kidato cha tatu anayechapa kazi za shule stationery kwa kulipia kila ukurasa. Hiyo hela sasa itabaki nyumbani. Angekuwa ni mama yangu mzazi kule Tukuyu, anayetaka kwaya, taarifa ya habari na kitufe kimoja cha kuzima, ningemnunulia boksi lililothibitishwa na nisingetaja neno kompyuta mbele yake. Mausi na kibodi juu ya kochi ni adhabu kwa mtu mzima.

*

Wengi wananiuliza kuhusu LUKU. Boksi linakula kama wati 5, mini PC ikicheza video tuseme 20. Kwa saa tano kila siku, mwezi mzima boksi linatumia robo tatu ya uniti, kompyuta uniti tatu. Kwa uniti ya shilingi 356, ni 267 dhidi ya 1,068. Tofauti haifiki elfu moja. Anayekuuzia boksi kwa hoja ya umeme amekosa hoja nyingine.

Hela inakoishia ni bando. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, picha ya kawaida ni hadi gigabaiti 1 kwa saa, HD hadi 3. Boksi lisilothibitishwa Netflix huliwekea mpaka, halipewi HD. Kwa mtu wa hotspoti, hiyo dosari ni akiba.

*

Pale Kabwe bado yupo jamaa wa kuingiza movie kwenye flashi, na foleni yake haijapungua. Zinazoongoza ni zilizotafsiriwa, kazi ambayo Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliitengenezea njia: filamu inacheza, na sauti ya Kiswahili juu yake inaeleza, inatania, inaongeza chumvi pale mwigizaji aliponyamaza. Hakuna kampuni ya Marekani inayoweza kushindana na sauti hiyo. Flashi haili bando, na inaingia kwenye boksi na kwenye kompyuta vilevile.

*

Rafiki wa Kyela analalamika boksi lake linaganda mchana, usiku linapona. Ni joto: Kyela ipo kama mita 500 tu juu ya bahari, Mbeya tuko 1,700. Boksi halina feni, na yeye kalifungia ndani ya kabati la TV, juu ya kisimbuzi kinachochemka. Alitoe nje kwanza. Mbeya, kwa baridi yetu ya Juni, hata chapati hupoa kabla hujaifikisha mezani. La hapa lingepona bila dawa.

*

Mpira: si boksi si kompyuta, Ligi Kuu ni ya Azam TV, kwa mkataba wa 2021 wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6. Lipia huko, au nenda uwanja wa Sokoine ukakae juani. Anayekuahidi chaneli zote za dunia bure ndani ya boksi la elfu themanini, muulize yeye anakula wapi.

*

Mvua zikianza, radi za huku mnazijua. Watu huchomoa TV ukutani wakadhani wamemaliza, waya wa dishi wameuacha umechomekwa kwenye kisimbuzi, kisimbuzi kimeshikana na TV kwa HDMI, na TV imeshikana na hicho kifaa kipya. Fundi mmoja wa Mafiati ana kikapu kizima cha mashine zilizokufa kwa njia hiyo. Anza na waya wa dishi.