Vuli iliyotukuta tukibishana

Ukimwuliza mzee yeyote wa Pwani Novemba ni mwezi wa nini, atakujibu bila kusita kwamba ni mwezi wa vuli. Vuli ni mvua fupi, ya kupanda kunde na mahindi ya haraka. Si masika. Hata hivyo, vuli ya Novemba 2023 ilikataa kuitwa fupi, na leo ningependa tuitazame tena kwa sababu funzo lake linahusu kila nyumba yenye paa.

Tukumbuke kwanza ilitukuta katika hali gani. Tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imetuhini kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Masika ya 2023 yalileta nafuu kidogo, lakini ardhi ilikuwa bado ngumu kama sakafu, na ardhi ya namna hiyo haimezi maji upesi. Maji huteleza juu yake na kukimbilia mabondeni.

Ndivyo ilivyokuwa. Mapema mwezi huo, mto Juba uliwazingira zaidi ya watu 2,000 katika mji wa Luuq, Somalia. Siku chache baadaye mto Shabelle, unaotoka milima ya Ethiopia, ulivunja kingo zake na kuifunika Beledweyne, hata karibu wakazi wote wakahama. Kwetu Kenya, Mandera na Wajir zilikatika na kuwa kama visiwa. Mto Tana ulifurika karibu na Garissa, barabara ikafungwa, na bidhaa madukani zikaadimika. Mombasa nayo ilipata mafuriko yake. Kufikia mwisho wa mwezi, serikali ilisema watu wapatao 120 walikuwa wamefariki nchini.

Mwanafunzi atauliza: mvua yote hiyo ilitoka wapi? Jibu liko katika bahari mbili. Ya kwanza ni Pasifiki, ambako maji ya juu yalikuwa yamepata joto kupita kawaida. Wavuvi wa Peru ndio walioipa hali hiyo jina la El Niño, yaani Mtoto Yesu, kwa sababu waliiona karibu na Krismasi. Ya pili ni Bahari Hindi yetu wenyewe. Upande wetu ulipata joto huku upande wa Indonesia ukipoa, na unyevu mwingi ukamwagika Afrika Mashariki. Bahari hizo zikiungana mkono, vuli hugeuka gharika, kama ilivyokuwa 1997. Zaidi ya hayo, Desemba 2023 wanasayansi walitangaza kwamba ongezeko la joto duniani huenda lilizidisha ukali wa mvua hizo hata mara mbili.

Sasa tufike penye kidonda. Mvua hii haikuja kama mwizi. Agosti 2023, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Ngong kilitangaza kwamba vuli itazidi kiasi cha kawaida. Lakini Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadili kauli, na kwamba El Niño ya maafa haiji tena. Idara ya hali ya hewa ikaeleza kwamba mvua bado itakuwa nyingi, ila haitarajiwi kufika kiwango cha 1997. Mitaani watu walisikia neno moja tu: haiji. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwezi huo, wapo waliosikia na bado wakavunjika.

Tusimtwike mmoja lawama zote. Wengi wetu tulikuwa tunakumbuka 2015, tulipoonywa juu ya El Niño kali na tusione gharika ya 1997. Tukaona tumedanganywa. Kumbe mtabiri hasemi hakika, husema uwezekano. Akikwambia kuna uwezekano wa saba kwa kumi, bado kuna mara tatu ambazo mvua haitazidi. Mara hizo tatu hazimfanyi mwongo, nawe usizitumie kama sababu ya kuacha mtaro wako umejaa taka.

Kwa hivyo, baba na mama, kila Septemba keti na watoto mwulizane: mtaro wetu unapita? Vyeti vya kuzaliwa na vya shule viko ndani ya mkebe wenye kifuniko, mahali pa juu? Tukilazimika kuhama usiku, tutakwenda kwa nani? Mwambieni kijana kwamba maji ya kimo cha goti yendayo kasi humwangusha mtu mzima, na dereva wa matatu akitaka kuvuka barabara iliyofurika, ashuke, hata kama amekwisha kulipa nauli. Na maji ya kunywa yachemsheni.

Dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi tunapewa dalili nyingine miezi miwili au mitatu kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Mvua isipokuja, utakuwa umepoteza asubuhi moja ya kuzibua mtaro. Ikija, utakuwa umeokoa nyumba yako.