Kitufe Kisichobonyezeka: Nasaha kwa Vijana Wanaojifunza Kutengeneza Tovuti



Tunafurahi kuona vijana wetu wengi wanajifunza kompyuta, na baadhi yao sasa wanatengeneza tovuti. Hilo ni jambo jema. Lakini lipo somo ambalo aghalabu hufundishwa mwisho, au halifundishwi kabisa, ilhali lilistahiki kuwa la mwanzo. Nalo ni kutengeneza vitufe, menyu na fomu ambazo kila mtu ataweza kuzitumia, akiwemo asiyeona na mwenye ulemavu wa mikono.

Huenda mtu akauliza: asiyeona atatumiaje kompyuta? Zipo programu zinazosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Mojawapo ni NVDA, ambayo Michael Curran wa Australia alianza kuitengeneza mwaka 2006, kisha akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni, na programu yao hutolewa bure. Asiyeona hategemei mausi, bali hutumia kibodi: Tab humpeleka kutoka kitufe hadi kitufe, Enter hubonyeza, na sauti humwambia amefika wapi.

Tatizo liko hapa. Mwanafunzi huchukua div, ambayo ni kisanduku kitupu, akakipaka rangi na kukiandika "Tuma". Kwa macho ni kitufe. Lakini Tab haifiki hapo, Enter haifanyi kazi, na sauti husoma "Tuma" kama neno la kawaida. Mtu amekwishajaza fomu nzima ya kuomba nafasi ya masomo, kisha hawezi kuituma! Ni sawa na kumchorea mgeni mlango ukutani.

Dawa yake ni nyepesi. Lugha ya HTML ina elementi yake iitwayo button. Ukiitumia hiyo, kibodi na sauti huitambua bila ya wewe kuongeza kitu, na bado unaweza kuipamba kwa CSS upendavyo. Kitufe cha menyu inayofunguka na kufungika kipe aria-expanded, na ibadilike kila menyu inapofunguka au kufungika, ili msikilizaji ajue hali yake. Kila sehemu ya kujaza kwenye fomu iwe na label iliyounganishwa nayo. Wala usiuondoe ule mstari unaokizunguka kitufe kilichofikiwa na Tab, kwani ndio unaomwonyesha mtumiaji wa kibodi mahali alipo.

Wapo wanaosema kuwa watu hawa ni wachache, kwa hiyo kazi hii ni ya kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani nao. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mzee anayetetemeka mikono na mama aliyevunjika mkono wamo katika hesabu hii, na kesho huenda tukawemo sisi.

Wala si kwamba kanuni hazipo. Taasisi ya W3C ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa jambo hili mwaka 1999. Hata hivyo, mwaka 2024 shirika la WebAIM la Marekani lilipokagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, asilimia 95.9 zilikutwa na kasoro. Kwa maoni yetu, hali hii haitabadilika iwapo anayejifunza leo atazoea makosa yale yale.

Kwa hiyo tunawanasihi vijana wetu: kabla ya kumkabidhi mtu tovuti yake, weka mausi kando, kisha ifungue menyu, jaza fomu na uitume kwa kibodi pekee. Ukikwama, rudi ukarekebishe. Nao walimu wa kompyuta tunawaomba wasimpe mwanafunzi alama za kufaulu kwa ukurasa usiotumika kwa njia hiyo, hata ukipendeza vipi.

Wabillahi Tawfiiq.